Kinu cha Iffley kilichoungua 1908: shajara ya kukijenga upya kwa ramani, picha na mbao

Jumamosi, 11 Januari 2025: naanza

Naandika hii ili mtu mwingine mwenye mto wake na nyumba yake iliyopotea asianzie sifuri kama mimi. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha, na nikikosea nitaandika nimekosea wapi na imenigharimu shilingi ngapi, maana hayo ndio watu huwa hawaandiki.

Iffley ni kijiji cha zamani cha Uingereza ambacho sasa kimemezwa na mji wa Oxford, kiko kama kilomita 3 kusini ya katikati ya mji, ukingo wa mashariki wa mto Thames. Kipande hiki cha mto watu wa Oxford wanakiita Isis. Mi nakaa Cowley, ni karibu kwa baiskeli, na nikitoka zamu ya usiku huwa napitia pale kwenye loki nikae kidogo kabla sijaenda kulala. Kwa ambaye hajawahi kuiona, loki ni chumba cha maji chenye milango pande mbili, boti inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanapandishwa au kushushwa mpaka yalingane na upande wa pili, halafu mlango wa mbele unafunguliwa boti inaenda zake.

Pembeni ya hiyo loki, upande wa kijiji, unaposhukia na kinjia kinaitwa Mill Lane, kilikuwepo kinu cha maji cha kusaga nafaka. Chuo cha Lincoln cha pale Oxford ndio kilikuwa mwenye mali tangu 1445. Mwaka 1908 kikaungua na hakikujengwa tena. Kabla ya hapo wachoraji na wapiga picha walikuwa wanakifuata kweli kweli, ilikuwa moja ya sehemu za mto Thames zinazojulikana sana, leo watu wanapita na mbwa wao na maji yanaunguruma vilevile na hakuna anayegeuza shingo.

Mimi nimekua natumwa mashine. Bibi alikuwa ananipa debe la mahindi nalipeleka kwa kichwa, tunapanga foleni, mashine inapiga kelele mpaka kifua kinatetemeka na unga mweupe umemjaa fundi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza kwamba pale ninapokaa kila asubuhi palikuwa na watu wanasubiri unga wao kwa karne nyingi, sikuweza kupaacha.

Lengo ni vitu viwili. Kwanza ramani moja ya kompyuta inayoonyesha kinu na majengo ya pembeni yake yalikaa wapi juu ya ardhi ya leo. Pili modeli ya mbao ya skeli 1:100, yaani sentimita moja ya modeli ni mita moja ya kweli, eneo la mita 60 kwa 45, likae kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 45.

Jumapili, 26 Januari: ramani, na kosa la mita tisa

Ramani zenyewe ni bure. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya kuchora ramani, za Uingereza nzima, zile za skeli ya 1:2500, na zina uzuri mkubwa, kila nyumba imechorwa na umbo lake, kila ukuta, kila kidaraja. Kwenye skeli hiyo milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhini. Kwa hiyo hata unene wa mstari wenyewe unakula nusu mita na zaidi, usije ukajidanganya kwamba unapima mpaka sentimita.

Nikashusha matoleo ya kabla ya moto na la baada ya moto, nikayaingiza kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, nikaanza kuyafunga kwenye koodineti za leo. Kufunga maana yake unachagua sehemu ambayo ipo kwenye ramani ya zamani na ipo leo pia, unaiambia kompyuta hizi mbili ni kitu kimoja, ukifanya hivyo mara sita saba ramani nzima inakaa mahali pake.

Sasa mi nikachagua kona za loki. Niliona ndio pointi nzuri kuliko zote, mawe yamenyooka, kona kali, ipo katikati ya eneo langu. Nikafunga, nikaprinti karatasi kubwa ya A2 kwenye duka la kuprinti, pauni 7, nikaenda nayo mtoni kwa furaha zote. Kila kitu kilikuwa kimehama. Mill Lane ilikuwa inapita ndani ya bustani ya watu na kanisa lilikuwa limesogea mashariki kama mita tisa.

Nilikaa siku tatu natafuta kosa kwenye programu. Kosa halikuwa kwenye programu. Loki iliyopo leo ni ya mwaka 1924. Ile iliyoko kwenye ramani ya kabla ya moto ni loki nyingine, ya zamani, kona zake si hizi. Nilikuwa nimeshika kitu kilichojengwa miaka 16 baada ya kinu kuungua nikakifanya shahidi.

Dawa yake: usifunge ramani kwa kitu chochote kilichoko majini au kinachogusa maji. Kingo zinabomolewa na kujengwa upya, milango inasogezwa, visiwa vinaongezwa udongo. Mi nimerudi kwa kanisa. Kanisa la Mtakatifu Maria la Iffley lilijengwa karne ya 12, kama miaka ya 1160 hadi 1170, na mnara wake upo palepale, kona nne, hazijaenda popote. Nikaongeza kona za kuta za mawe za njia ya kanisa na njia panda. Safari hii ikakaa. Karatasi nyingine, pauni 7 nyingine.

(Kwa kuwa nimelitaja kanisa: ukizunguka kwenye ukuta wake wa kusini, pale ndipo alipoishi mwanamke anaitwa Annora, kuanzia 1232 mpaka 1241, amefungiwa kwenye kijumba kilichobandikwa kwenye ukuta wa kanisa kwa hiari yake ili asali mpaka afe, na mfalme Henry III alikuwa anamletea kuni. Kijumba hakipo tena. Hakiko kwenye mradi wangu kwa sababu hakiko mtoni, lakini siwezi kupita pale bila kumkumbuka.)

Jumamosi, 15 Februari: postikadi tatu

Picha ndio zinatoa urefu wa kwenda juu, ramani haikupi huo. Nimenunua postikadi tatu za zamani kwa wauzaji wa mtandaoni, jumla pauni 14, mbili ni za kweli na moja ni kopi iliyochapishwa upya.

Ya kwanza nyuma yake ina muhuri wa posta wa 1912. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba kinu kilikuwepo mpaka 1912, nikaanza kushuku habari ya moto, nikafikiri labda uliunguza upande mmoja tu. Nimepoteza wikiendi mbili kwenye hilo. Kumbe mchapishaji wa postikadi akishakuwa na negativu nzuri, yaani ile picha ya asili inayotolewa kopi, anaendelea kuiuza miaka na miaka, jengo liwepo lisiwepo, na mnunuzi anaituma akijisikia. Muhuri unakwambia kadi ilitumwa lini. Picha ilipigwa lini utafute kwa njia nyingine, kwa mimi ilikuwa kulinganisha na ramani, nikaona miti na uzio vinafanana na toleo la kabla.

Ya pili, ile kopi, ilinisumbua zaidi na nataka niieleze taratibu. Inaonyesha maji yanadondoka kuja kwa mpiga picha, kwa hiyo mpiga picha alisimama chini ya mto akiangalia juu yanakotoka maji. Sawa. Mto pale unaelekea kusini, kijiji na kinu viko mashariki. Ukiangalia juu ya mto, mashariki iko mkono wako wa kulia. Lakini kwenye kopi yangu kinu kiko kushoto. Nikajaribu kila namna, nikasema labda palikuwa na mfereji mwingine umezunguka nyuma, nikauchora kabisa huo mfereji kwenye ramani kwa penseli.

Kilichonifungua macho ni mwanamume aliyesimama kwenye kidaraja. Amevaa koti la vifungo. Koti la kiume upande wa kushoto unakaa juu ya upande wa kulia, na huyu wa kwake ilikuwa kinyume, nikachukua kioo cha kukuzia nikamwangalia mwenzake aliyekaa, naye vilevile. Wanaume wawili hawawezi wote kuwa wamevaa makoti ya kike. Picha ilikuwa imegeuzwa, aliyeichapisha upya aliweka negativu upande wa nyuma ukawa mbele, kushoto kukawa kulia. Nikaigeuza kwenye kompyuta, kinu kikarudi mashariki, mfereji wangu wa penseli nikaufuta.

Kwa hiyo kabla hujapima chochote kwenye picha ya zamani, angalia vifungo, angalia maandishi ya kwenye mabango kama yapo, angalia maji yanaenda wapi.

Jumapili, 9 Machi: urefu wa ukuta

Kuna programu ya bure inaitwa fSpy. Unaipa picha, unachora mistari inayofuata kingo za jengo, yenyewe inakokotoa kamera ilisimama wapi. Halafu ukiwa na urefu mmoja unaoujua, mimi niliutoa kwenye ramani, inakupa na vipimo vingine.

Nikatumia postikadi ya tatu, ndiyo iliyo safi. Ikanipa ukuta mrefu kama ghala la bandarini, haiwezekani. Nikarudia mara nne nikidhani mkono wangu unatetemeka kwenye kuchora mistari.

Tatizo: programu inachukulia kwamba katikati ya picha ndio katikati ya lenzi. Postikadi imekatwa. Mchapishaji alichukua picha ya mpiga picha akakata anga la juu ili sehemu ya chini iingie kwenye kikadi, kwa hiyo katikati ya kadi si katikati ya lenzi tena, na hesabu yote inapinda.

Dawa: tafuta picha nzima, yenye kingo zinazoonekana za bamba la kioo, lile ambalo kamera za zamani zilipigia picha. Hapa nina bahati ya kukaa Cowley kwa sababu kituo cha kumbukumbu cha mkoa, Oxfordshire History Centre, kiko humu humu, ndani ya kanisa la zamani la Mtakatifu Luka, na kina picha nyingi za Henry Taunt. Huyu bwana alizaliwa Oxford 1842 na akafa 1922, alikuwa anapanda na kushuka mto na mashua yake na kamera, 1872 akatoa ramani yake ya mto Thames yenye picha ndani. Watu wa pale kituoni walinipokea vizuri, nikaeleza ninachotafuta, nikaletewa. Kuona bamba zima ni kitu kingine kabisa na postikadi. Nikarudia hesabu na nikapata ukuta wa kawaida, wa jengo ambalo mtu na gunia lake wanaingia.

Saa nilizotumia humu, ukiondoa kwenda na kurudi: kama 20. Pesa za ziada kidogo sana.

Jumamosi, 5 Aprili: maneno ya shemeji

Nilishaanza kukata. Ubao wa chini pauni 9, mbao laini za balsa na vijiti pauni 26. Kuta zimesimama, paa nimezichongea pembe, gurudumu nimelitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu, limekaa vizuri. Shemeji yangu ni fundi seremala, alikuja kula, akakizunguka mara mbili bila kusema kitu. Halafu akainama mpaka jicho likawa sawa na ubao.

"Shem, hili gurudumu linazungushwa na nini?"

Nikamwambia maji.

"Yanatoka wapi yanaenda wapi? Mbona huku na huku ni sawasawa?"

Nikanyamaza kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimejenga nyumba juu ya meza. Mto wote kwenye modeli yangu ulikuwa usawa mmoja, rangi ya bluu juu na chini, na kinu ambacho maji yake hayashuki hakisagi hata punje moja. Miezi mitatu napima kuta na sijapima kile kitu kilichofanya kuta zijengwe pale.

Ubao ule nimeutoa, hasara pauni 9. Kuta na gurudumu nimevitunza.

Jumapili, 4 Mei: kupima maji

Hapa nimekaa mwezi mzima na sijutii.

Serikali ya Uingereza kupitia shirika lake la mazingira inatoa bure data za laida, yaani ndege inapita inapiga ardhi kwa leza na kurekodi miinuko, na programu inaweza kuvua miti yote ikabaki ardhi tupu. Nikashusha za Iffley za nafasi ya mita moja. Kwa nchi kavu ni ajabu, kilima cha kanisa kinaonekana kinavyoteremka, kinjia kinaonekana. Kwa maji usizitegemee, leza ile maji yanaimeza, unapata mashimo au namba za hovyo. Nilijaribu kukokotoa anguko la maji kwa laida nikapata mto unaopanda.

Kosa lingine dogo hapohapo: namba za miinuko zilizoandikwa kwenye ramani za zamani zinahesabiwa kutoka usawa wa bahari uliopimwa Liverpool, na za leo kutoka usawa uliopimwa Newlyn kule Cornwall. Ukizichanganya unapata tofauti, si kubwa, lakini anguko lenyewe halifiki mita moja kwa hiyo kila sentimita ina kesi yake. Nimeacha kabisa kuchanganya, natumia za leo tu.

Mwisho nikaenda na futi kamba. Nikasubiri boti ya kushuka iingie kwenye loki, nikaweka alama ya chaki kwenye ukingo nilipoweza kufika salama, boti ikashushwa, nikapima kutoka alama hadi maji mapya. Sentimita 79 siku ile. Mto ukijaa inapungua kwa sababu maji ya chini yanapanda, ndio maana kinu cha mtoni wakati wa mafuriko kinasimama, watu wanadhani maji mengi ni nguvu nyingi lakini gurudumu likishazama miguu haligeuki. Kwa kulinganisha, loki inayofuata chini, ya Sandford, inashusha karibu mita 2.7.

Kwenye skeli yangu sentimita 79 ni milimita 8. Milimita 8 tu, unene wa kidole cha mtoto, na hizo ndio kinu chenyewe. Kuta ni koti.

Nikishaelewa hilo ndio na historia ya pale ikaanza kunieleweka, mwanzo nilikuwa naisoma kama orodha ya tarehe. Ili maji yashuke sehemu moja inabidi uyazuie kwanza, kwa hiyo msagaji anajenga banio la kukata mto. Lakini mto huohuo ndio barabara ya matishari ya mkaa na mawe na nafaka. Zamani kwenye banio walikuwa wanaacha pengo lenye vibao vya kuchomoa. Tishari linalotaka kupita linasubiri, vibao vinachomolewa, maji yanaruka kwa nguvu na tishari la kushuka linarushwa nayo, la kupanda linavutwa kwa kamba kuyapinga. Na msagaji huku anaangalia maji yake yote yanaondoka, atakaa saa nyingi kusubiri bwawa lijae ndio asage tena. Kwa hiyo anataka alipwe, au anachelewesha, na wenye matishari wanalalamika anawafunga. Ugomvi wa watu wa matishari na watu wa mabanio ni wa tangu zamani sana, hata Magna Carta ya 1215, ile hati ya haki ya mfalme wa Uingereza, kifungu cha 33, inaamuru mabanio ya kunasia samaki yaondolewe kwenye mito ya Thames na Medway. Maana pale kwenye banio pia ndio pa kutega migono ya mikunga, na msagaji hakuacha.

Loki ya milango miwili ndio ilitatua. Sheria ya 1624 iliunda tume ya kuufungua mto kati ya Burcot na Oxford, na mwaka 1631 wakajenga loki Iffley, Sandford na Swift Ditch karibu na Abingdon, za kwanza za aina hiyo kwenye Thames. 1635 matishari yakaanza kufika Oxford. Boti inapita na chumba kimoja tu cha maji, bwawa la msagaji linabaki. Ndio maana Iffley loki na kinu vinakaa bega kwa bega: kimoja kilijengwa kwa sababu ya ugomvi na kingine.

Na mi nilikuwa nataka kujenga kimoja bila kingine.

Jumamosi, 21 Juni: rezini

Ubao mpya, plaiwudi ya tabaka, pauni 12. Upande wa juu wa mto uko milimita 8 juu ya upande wa chini, banio katikati, kinu miguu yake iko kwenye maji yote mawili. Nimekata njia ya maji chini ya jengo kutoka juu kwenda chini, gurudumu likakaa ndani yake. Kwa kuwa anguko ni dogo, maji hapa hayamwagikii gurudumu kutoka juu kichwani, yanalisukuma kutokea chini au ubavuni, kwa hiyo niliondoa ule mfereji wa juu niliokuwa nimeutengeneza nikiiga picha za vinu vya milimani.

Maji nimeamua kuyafanya kwa rezini inayokauka ikawa kama kioo. Nilinunua ya pauni 31. Nikamimina yote kwa mkupuo mmoja upande wa juu wa mto, kwa sababu nilikuwa na zamu jioni. Baada ya kama dakika 40 kopo lilikuwa la moto huwezi kulishika, nikaangalia ubao, moshi mwembamba unatoka, na asubuhi niliporudi rezini imepasuka kutoka ukingo mpaka ukingo, imekuwa ya njano, na kuta mbili za balsa zimejikunja. Rezini inapokauka inatoa joto lake yenyewe, ukimimina nene joto halina pa kwenda.

Kurekebisha: nimeipiga patasi taratibu siku mbili, nimebadilisha hizo kuta mbili, nimenunua ndogo ya pauni 19, nimemimina tabaka za milimita 2, kila moja nasubiri siku nzima. Tabaka nne juu, mbili chini. Kabla ya hapo mbao zote zinazogusa nimezipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji zisinyonye. Dirisha wazi, barakoa, na watoto chumba kingine, hili tafadhali mlizingatie.

Imetoka safi. Ukiinama kama alivyoinama shemeji unaona kingazi cha maji, upande huu juu, upande huu chini, na kinu kimepanda katikati.

Jumamosi, 19 Julai: modeli imekwisha, hesabu

Rangi na gundi pauni 16. Kwa hiyo jumla:

postikadi 14, ramani za kuprinti 14, mbao za chini mbili 21, balsa na vijiti 26, rezini mara mbili 50, rangi na gundi 16. Pauni 141. Humo ndani zilizokwenda bure ni 47: ramani ya kwanza, ubao wa kwanza na rezini ya kwanza. Programu zote na ramani zote za mtandaoni bure.

Ndani ya kinu sijaweka kitu, kuta za ndani ni tupu, nimejenga kile ambacho ramani na picha zinakionyesha tu. Nimeambiwa niweke mawe ya kusagia na magunia ili ipendeze, nimekataa, atakayekuja baada yangu atadhani nimeyaona mahali.

Asubuhi ya leo nimeifunga kwenye sanduku nimeipeleka mtoni, na shemeji alikuja kunisaidia kubeba. Tukaiweka kwenye ukuta mfupi karibu na kidaraja, tukaizungusha mpaka mnara wa kanisa wa kweli ukakaa upande wake, banio kwa banio. Bibi mmoja mzee aliyekuwa anapita akasimama akauliza ni nini, nikamweleza, akachukua muda, halafu akanyoosha kidole chake juu ya paa la modeli na akakisogeza polepole hewani mpaka kikaelekea pale majini, penye nyasi, akauliza "hapo?" Nikamwambia ndiyo mama, hapo hapo. Akabaki pale mpaka sisi tunafunga sanduku.

Shemeji amesema gurudumu lina pezi mbili zimekaa karibu kuliko nyingine, ni kweli, nitalirekebisha wiki hii. Mwezi wa nane naanza Sandford, kinu cha karatasi kilichofungwa 1982 na sasa pamejengwa makazi. Pointi za kufungia ramani nimeshazichagua, hakuna hata moja inayogusa maji.